Uozo Uliofichika Ndani ya Mti: Hesabu Inayopoteza Mali ya Umma

Mwezi Julai 2023 Rais William Ruto wa Kenya alitangaza kwamba amri ya kusitisha ukataji wa miti katika misitu ya serikali imeondolewa. Amri hiyo ilikuwa imewekwa Februari 2018 kwa muda wa siku 90, ikaongezwa mara kwa mara hata ikatimiza miaka mitano. Katika kueleza sababu za uamuzi wake, kiongozi huyo alisema kwamba haifai miti iliyokomaa iachwe ioze msituni ilhali wananchi wanakosa mbao. Chama cha Wanasheria cha nchi hiyo kikaenda mahakamani kupinga, na mwezi Agosti mwaka huo huo mahakama ya mazingira ikausimamisha uamuzi huo kwa muda. Wenye viwanda vya kupasua mbao wakawa upande mmoja, watetezi wa misitu upande wa pili, na mabishano yakawa makali.

Hatukusudii kuingilia shauri la jirani. Twataka kushika neno moja tu lililotamkwa katika mabishano hayo, nalo ni neno “kuoza”. Lilitamkwa na wengi, lakini ni mara chache mno lilipofuatwa na tarakimu. Miti mingapi imeoza? Katika kitalu gani? Uozo umepanda mita ngapi kutoka shinani? Askari aliyezoea kutoa taarifa ya adui kwa idadi, mahali na saa atatambua mara moja kwamba taarifa isiyo na hayo haijawa taarifa. Na katika biashara ya miti ya serikali, upungufu wa tarakimu hiyo moja ndio unaoweza kuhamisha mali ya taifa kutoka mfuko mmoja kwenda mfuko mwingine pasipo panga kunyanyuliwa wala kufuli kuvunjwa.

Yafaa kwanza tueleze jinsi mti unavyouzwa. Miti ya mashamba ya serikali katika Afrika Mashariki, hasa misindano na misaipresi, kwa kawaida huuzwa ikiwa ingali imesimama. Bwana misitu na watu wake huingia kitaluni, hupima kipenyo cha kila mti kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, hupima na urefu, kisha hutazama jedwali linalowaambia kwamba mti wa kipenyo fulani na urefu fulani una ujazo wa mita kadhaa. Jedwali hilo ni chombo chema, lakini ni kipofu. Halijui kwamba mti ule una tundu katikati. Kwa jedwali, mti mzima na mti uliooza kiini ni ndugu mapacha. Ndipo inapobidi mpimaji, kwa akili na macho yake, aandike makato: kwamba katika ujazo huu, kiasi kadhaa hakifai kwa mbao na mnunuzi asidaiwe fedha yake.

Makato hayo ndiyo kiini cha maelezo yetu. Kipenyo chaweza kupimwa tena na mtu yeyote mwenye utepe. Urefu pia waweza kuhakikishwa. Lakini uozo uliomo ndani ya mti uliosimama hauonekani. Hukisiwa kwa dalili za nje. Katika shule ya makadeti tulifundishwa kukadiria umbali kwa macho, na kila mmoja wetu anakumbuka jinsi makadeti kumi waliotazama mti mmoja ng’ambo ya bonde walivyoweza kutoa majibu kumi. Tofauti ni kwamba kule hapakuwa na mtu aliyepata faida kwa kutaja umbali mdogo au mkubwa.

Dalili zenyewe zajulikana. Kuvu ngumu iliyoota kama kwato juu ya gome ni ushahidi kwamba uozo umekwisha kutawala ndani kwa miaka mingi, maana kuvu haizai nje kabla ya kula ndani. Kovu la moto upande wa shina ni mlango. Kilele kilichovunjika kwa upepo ni mlango mwingine, maji na vimelea hushukia hapo. Mti uliogawanyika panda, mti uliopinda, ufa wa radi, utomvu mwingi unaotiririka mahali pasipo jeraha la wazi, vyote hivyo ni vya kuandikwa daftarini. Mpimaji mzoefu hugonga shina kwa nyundo ya mbao na kusikiliza: mti mzima hujibu kwa sauti kavu, ulio na tundu huitikia kama ngoma. Akiwa na shaka hutoboa kwa kekee nyembamba inayotoa kipande cha mti chenye unene wa penseli, akaona kwa macho yake ni wapi mti mzuri unakoma na uozo unaanza. Siku hizi viko pia vyombo vinavyopitisha sauti ndani ya shina na kuchora picha ya tundu, ingawa si kila kituo cha misitu kinacho.

Hapa hatuna budi kusahihisha dhana moja iliyoenea. Mti wa mbao hauozi kwa sababu tu ya kutimiza umri wa kuvunwa. Msaipresi uliopangiwa kuvunwa ukiwa na miaka ipatayo 30 hauanzi kuoza asubuhi ya siku ya kutimiza miaka 31. Uozo huingia kupitia jeraha au mzizi. Katika mashamba ya Kenya majeraha hayo yana historia ndefu. Msaipresi wa aina ya kwanza uliopendwa na wakoloni ulipatwa na ugonjwa wa madonda ya shina, ikabidi uachwe na nafasi yake ishikwe na msaipresi wa asili ya Meksiko unaooteshwa hadi leo. Msindano wa asili ya California nao ulishindwa na ugonjwa wa majani uliosambaa kutoka mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1990 chawa wa misaipresi, ambaye alikuwa amekwisha kuonekana Malawi mwaka 1986, aliingia Kenya na kukausha miti mingi ingali imesimama. Yuko pia mdudu mtoboaji ambaye hutaga mayai penye vidonda vya matawi yaliyokatwa vibaya, na viluwiluwi wake huchimba njia ndani ya kiini cha mti ulio hai. Kwa nje mti ni wa kijani na wa kupendeza. Kima hubandua magome, tembo huvunja na kusugua, na penye ardhi iliyokuwa msitu wa asili kuvu ya mizizi hutoka katika visiki vya zamani na kushika miti mipya.

Maana yake ni kwamba ubovu haulingani. Kitalu kilichopogolewa vizuri na kisichoguswa na moto chaweza kukaa miaka kumi zaidi ya muda wake na bado kikawa karibu kizima, na kitalu cha jirani chenye umri mdogo kikawa kimejaa matundu. Kwa hiyo anayesema “misitu yote inaoza” na anayesema “hakuna kinachooza” wote wawili wanazungumza pasipo kuingia kitaluni.

Sasa na tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo inayofichua. Tuchukue mti mmoja wenye mita 12 za gogo linalofaa kwa mbao. Chini kabisa kipenyo chake ni sentimita 50, kwenye mita 4 ni sentimita 42, kwenye mita 8 ni 34, na kwenye mita 12 ni 26. Ukikokotoa ujazo wake utapata takriban mita za ujazo 1.42. Gogo la kwanza, lile la chini, lina 0.67, la pili 0.46, la tatu 0.29. Angalieni: gogo la chini ni theluthi moja tu ya urefu, lakini ni karibu nusu ya mali. Na uozo unaotoka mizizini au kwenye kovu la moto hukaa hapo hapo chini.

Tuseme mti huo una uozo wa katikati, upana wake sentimita 20 pale shinani, nao unachongoka kama pia na kuisha kwenye kimo cha mita 2. Mpimaji wa kwanza anahesabu uozo wenyewe tu, anapata mita za ujazo 0.02, yaani kama asilimia moja na nusu ya mti. Mpimaji wa pili anasema kwamba mita 2 zote za chini zikatwe na kutupwa, naye anaandika 0.36, ambayo ni zaidi ya robo ya mti mzima. Mti ni ule ule, uozo ni ule ule, na hakuna aliyesema uongo juu ya alichokiona. Kwa miti 100 ya namna hiyo, tofauti kati ya madaftari hayo mawili ni mita za ujazo 34.

Nani kati yao yuko sawa? Jibu hutegemea kinu cha kupasulia. Kuzunguka uozo wa sentimita 20 bado kuna pete ya mti mzuri yenye unene wa sentimita 15 kila upande, nayo hutoa mbao, ingawa si mbao pana. Kwa hiyo mpimaji wa pili amempa mnunuzi zawadi. Lakini wa kwanza naye amemwonea kidogo, kwa sababu msumeno hauwezi kufuata umbo la pia. Hukata kwa mistari iliyonyooka, na kipande kizuri kilichoshikamana na kibovu mara nyingi hupotea pamoja nacho. Kanuni njema ni kuchagua njia ya kukata inayopoteza mti mchache zaidi kwa msumeno halisi, na kuiandika njia hiyo kabla ya mnada, si baada ya mnunuzi kufahamika. Mahali ambapo kanuni haikuandikwa, kila daftari huwa sheria yake lenyewe.

Serikali hupoteza kwa makato makubwa, hilo ni dhahiri. Lakini tusidhani kwamba makato madogo kupita kiasi hayana madhara. Mwenye kinu kidogo aliyelipia miti mia moja kwa bei ya miti mizima, akaikuta imetoboka, tayari amekwisha kutoa fedha, pengine za mkopo. Njia iliyo karibu ya kufidia hasara ni kuvuka mpaka wa kitalu chake usiku na kukata miti ambayo hakuuziwa. Askari wa doria atamkamata kama mwizi, na ni mwizi kweli; hata hivyo jambo lilianza kwa kalamu ya mtu ambaye hatafikishwa mahakamani. Kamati iliyoundwa nchini Kenya mwaka 2018 kuchunguza usimamizi wa misitu ilitoa maneno makali juu ya uongozi wa idara iliyohusika, nasi twaona kwamba ukali huo ulielekezwa mahali pake, kwa kuwa mara nyingi uharibifu wa msitu huandaliwa mezani.

Nchi tajiri nazo hazikuepukana na balaa hili. Katika misitu ya taifa ya magharibi mwa Marekani, penye miti mikubwa ya jamii hii ya misindano, kukadiria ubovu ni kazi yenye vitabu na mitihani. Wapimaji wa huko hufundishwa kutambua kuvu moja moja: ipo ambayo kuonekana kwake mara moja tu juu ya shina kwatosha kuuhesabu karibu mti mzima kuwa haufai, na ipo nyingine inayokaa chini shinani tu. Gogo ambalo sehemu yake nzuri haifiki theluthi moja ya ujazo huhesabiwa kuwa ni bovu lote. Pamoja na elimu hiyo yote, mwaka 1991 ilibidi idara ya misitu ya nchi hiyo iunde kikosi maalumu cha wapelelezi wa wizi wa miti. Kikosi hicho kikavunjwa mwaka 1995, jambo ambalo wapelelezi wenyewe walililalamikia sana.

Wakati ule sehemu kubwa ya miti ya huko ilikuwa ikipimwa baada ya kukatwa, gogo kwa gogo, na mianya ilikuwa njiani: gogo lisilofika kwa mpimaji, au mpimaji aliyeandika ubovu usiokuwapo. Baadaye mkazo uliongezwa katika kuuza kwa kipimo cha mti uliosimama, ili mnunuzi alipie kilichokadiriwa na serikali isihitaji kufukuzana na kila lori. Ni hatua ya busara. Lakini inapasa kufahamika kwamba mlango haukufungwa, umehamishwa tu. Ikiwa fedha zote hukokotolewa mti ukiwa umesimama, basi mahali pa kulinda ni pale mpimaji anapoandika makato yake.

Ndugu zetu wa polisi watauliza: sisi tulio kwenye kizuizi cha barabarani tutajuaje uozo ulioandikwa porini wiki sita zilizopita? Jibu ni kwamba makato ya uongo huacha alama nyingi kuliko wizi wa kawaida, ila lazima mtu ajue pa kutazama.

Kisiki ndicho shahidi wa kwanza. Lori huondoka, magogo hupasuliwa, karatasi hubadilishwa, lakini kisiki hubaki na mizizi yake. Ikiwa daftari linasema miti 40 ya kitalu hiki ina uozo wa shinani, basi visiki 40 au karibu na hapo sharti vionyeshe doa la kahawia, unga au tundu katikati. Kisiki cheupe na kigumu kutoka gome hadi kiini hakikubaliani na makato ya uozo wa shina, kwa kuwa uozo unaotoka mizizini hauwezi kuruka kisiki na kuanzia juu yake. Shahidi wa pili ni vipande vilivyotupwa. Mpimaji aliyekata mita 2 za chini katika hesabu yake alikusudia kwamba kipande hicho hakitauzwa kama mbao. Basi kiko wapi? Kama hakikulala hapo chini, kimekwenda na lori, na kama kimekwenda na lori kimelipiwa kwa jina gani? Hapo ndipo hutokea hila ya kukiita kuni. Kipande kizima cha kipenyo cha sentimita 50 kinachosafiri kwa kibali cha kuni ni jambo la kusimamishwa na kuulizwa.

Shahidi wa tatu ni shehena yenyewe. Karatasi zikionyesha kitalu kilichokatiwa asilimia kubwa kwa ubovu, ni haki kutazamia kuona katika shehena magogo mafupi, yenye matundu, yaliyopunguzwa kwa namna isiyolingana. Malori matano yakifuatana, yote yamebeba magogo marefu yaliyonyooka yenye ncha safi, si kazi ya konstebo kuamua kwamba kuna udanganyifu, lakini ni kazi yake kuandika namba za magari, namba ya kitalu na alichokiona, na kupeleka juu. Mwenye mamlaka ya kufungua daftari la bwana misitu atalifungua.

Na kwa mabwana misitu waaminifu, ambao ni wengi, hayo yote ni kinga. Mpimaji anayeogopa kusingiziwa hupenda kuandika makato madogo kila mahali ili asitiliwe shaka, na hiyo pia si kweli. Dawa iliyothibitika ni mbili. Ya kwanza ni kikosi cha pili, kisichokula chungu kimoja na cha kwanza, kipime upya sehemu ya miti kabla ya mauzo. Ya pili ni kuangusha miti michache ya mfano katika kitalu chenyewe, kuikata vipande, kupima uozo halisi, na kutumia asilimia hiyo kwa ubovu usioonekana kwa nje. Mpiga mzinga hurekebisha umbali kwa kuangalia kombora la kwanza lilipoangukia. Miti ya mfano ndiyo kombora hilo. Asilimia iliyoazimwa kutoka shamba la mbali, penye udongo mwingine na kima wengine, haina maana.

Tumeyaandika haya kwa Uganda, wala si kwa kumwonyesha jirani kidole. Mwaka 2004 ulianza mpango wa ruzuku kwa wapandaji wa miti ya mbao, uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya, na tangu hapo misindano mingi imepandwa nchini mwetu, katika ardhi ya watu binafsi na katika hifadhi za serikali kwa leseni. Miti ya miaka ile ya kwanza sasa imepita miaka 20. Sehemu kubwa ni msindano wa Karibiani, ambao una kasoro yake yenyewe: baadhi ya miti hurefuka mita kadhaa pasipo tawi, kama mkia wa mbweha, na kilele cha namna hiyo huvunjika upesi kwa upepo. Kilele kilichovunjika miaka minane iliyopita leo kimefunikwa na kilele kipya, na aliye chini haoni kitu ila kombo dogo katika shina. Mioto ya nyasi ya kiangazi nayo imeacha makovu ambayo gome limekwisha kuyaziba nusu.

Mauzo ya miti hiyo yataongezeka, na kikosi cha polisi cha kulinda mazingira pamoja na askari wanaosaidia ulinzi wa hifadhi watakutana na karatasi za makato mara kwa mara. Wajue pia jambo moja la mwisho la kiufundi, ili wasimwonee mtu. Kisiki cha msindano kilichokatwa karibuni hubadilika rangi kuwa ya buluu kwa muda wa majuma machache, na gogo lililolala msituni hufanya vivyo hivyo. Buluu hiyo huingia baada ya kukatwa. Huchafua sura ya mbao lakini haiuli nguvu yake, na haiwezi kutumiwa kutetea makato yaliyoandikwa mti ukiwa hai. Uozo wa kweli huonekana kwa ulaini: ncha ya kisu huzama. Ila ukaguzi usicheleweshwe, kwa kuwa katika mvua zetu kisiki cha msindano huanza kuoza chenyewe muda si mrefu baada ya mti kuanguka, na kikisha kuoza chote hakuna tena awezaye kutofautisha uozo wa zamani na uozo wa jana.